Kabati la kitambaa la elfu 68: limekaa chumbani kwangu miezi 14, naeleza yote

Habari zenu wapendwa. Naona watu wanaulizia sana haya makabati ya kitambaa, yale ya mabomba na zipu yanayouzwa Kariakoo yakiwa kwenye boksi, na majibu wanayopewa ni mafupi mno, mmoja anasema zuri, mwingine anasema usithubutu, basi. Mi ninalo mwaka na miezi miwili saivi, limepita misimu miwili ya masika humu ndani, kwahiyo nimeona nikae niandike kila kitu nilichokiona ili mwenye elfu sitini na kitu mkononi ajue anaenda kununua nini.

Kwanza mjue chumba chenyewe. Tunakaa Tabata, tumepanga chumba na sebule, chumba ni futi 11 kwa 12, humo kuna kitanda cha 5 kwa 6, kitanda kidogo cha mtoto, chandarua, feni ya kusimama na vitu vyote vya watu watatu. Nguo zilikuwa kwenye mabegi mawili ya shangazi kaja, sanduku moja la matairi lililovunjika mkono, misumari sita nyuma ya mlango, kamba ya manila niliyoifunga toka nondo ya dirisha mpaka msumari wa ukutani, na kiti cha plastiki ambacho tangu tuhamie sikumbuki kama kuna mtu alishawahi kukikalia. Asubuhi mume wangu anatafuta shati, mi natafuta soksi za mtoto, begi la juu linashushwa, la chini linafunguliwa, vyote vinamwagwa kitandani na sote tunaondoka tumenuna, jioni narudi kazini nimechoka nakuta kitanda kimejaa nguo, nazibeba zote kwa mikono miwili naziweka kwenye kiti. Hayo ndo yalikuwa maisha yetu kila siku na yalikuwa yananiumiza kweli, maana chumba cha kulala ndo sehemu pekee ambayo ni yetu wenyewe, choo tunashea, uwanja tunashea, bomba tunashea.

Nilienda Keko, kwa mafundi seremala, kuulizia kabati la mbao. Kazi za Keko ni nzuri, sina la kusema, ila la milango mitatu nililolipenda fundi alinitajia laki nne na themanini, tukabishana mpaka laki nne na thelathini na hapo ndo mwisho wake, na mi ni mpangaji, mwenye nyumba akisema toka ndani ya mwezi natakiwa nilibebe. Korido yetu ni nyembamba, kabati kama lile linaingia kwa kufunguliwa, na likishafunguliwa na kufungwa mara mbili tatu skrubu zinalegea kwenye mbao, milango inaanza kukataa kukutana. Fundi mwenyewe aliniambia, akasema dada yangu kama bado unahamahama usinunue hili, subiri ujenge. Nilimshukuru sana yule baba kwa kuniambia ukweli wakati angeweza tu kuchukua hela yangu.

Basi nikaenda Kariakoo. Duka sitalitaja, na halina maana kulitaja kwa sababu boksi lile lile limejaa maduka yote ya ule mtaa, picha ile ile ya mdada anatabasamu, bei tu ndo zinatofautiana. Nililipata kwa elfu 68, lile pana, kama sentimita 130 kwa upana, upande mmoja wa kutundika na upande mwingine una shelfu sita, pazia kubwa la zipu mbili mbele, rangi ya maruni. Nilirudi nalo kwenye daladala, limo ndani ya boksi refu jembamba la kilo kama nane, na hapo ndo uzuri wake wa kwanza, kabati zima unalipakata.

Ushauri wa dukani kabla sijasahau: fungua boksi hapo hapo. Muuzaji atakwambia ukifungua umenunua, we mwambie sawa lakini nahesabu. Mi nilihesabu nikakuta viungio viwili vya plastiki vimepasuka, vile vinavyokamata bomba na bomba, akaniambia nitie gundi tu. Nikasimama. Nikamwambia kaka yangu hivi ndo vinabeba kabati zima, nikitia gundi likaniangukia mtoto nitamwambia nini baba yake? Mwishowe akafungua boksi lingine akanipa viwili vizima na cha tatu cha akiba, na kile cha akiba ndo kimeniokoa mwezi wa kumi. Pia uliza unene wa bomba. Yapo ya milimita 16, yapo ya 19 na yapo ya 25, kwa macho yakiwa ndani ya boksi yanafanana ila bei na maisha ni tofauti kabisa. Langu ni la 19. La 16 msinunue jamani, mdogo wangu analo, ukilishika tu linacheza kama ngazi mbovu.

Na kitambaa nacho kipo cha aina mbili. Kuna kile laini kilichogandamizwa, ni kile kile cha mifuko mbadala iliyoingia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wote mnaijua, ukibeba viazi kilo tano mkono unabaki na wewe viazi vinabaki chini. Na kuna kitambaa kigumu kama cha begi la shule. Langu ni lile la kwanza, sikujua, na hata mwaka haujaisha pembe zote nne za juu ziliachia nyuzi kwa sababu bomba linasugua pale. Ningejua ningeongeza elfu ishirini.

Kufunga tulitumia saa moja na dakika arobaini mimi na mdogo wangu. Karatasi ya maelekezo ni michoro tupu na herufi za Kichina, ila ukitandaza mabomba sakafuni ukayapanga kwa urefu unaelewa. Mabomba hayaingii vizuri kwenye viungio kwa mkono, tuligonga taratibu kwa kandambili ili tusipasue plastiki, msitumie nyundo. Hakikisha kila bomba limefika mwisho kabla hujavalisha kitambaa, sisi tulivalisha mapema ikabidi kuvua na kuanza tena.

Sasa kosa langu mimi, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu naona wengi wanalaumu kabati. Siku ile ile nilichukua kila kilichokuwa kwenye shangazi kaja, kwenye sanduku, kwenye kamba, kwenye misumari na kwenye kiti nikakiingiza ndani, nikavuta zipu nikaona chumba kimekuwa kama cha hotelini, nikapiga picha nikamtumia mama. Mwezi wa kwanza raha. Mwezi wa pili bomba la kutundikia likaanza kuinama katikati. Mwezi wa tatu, usiku, tumelala, tukasikia kishindo, mtoto akaamka analia, nawasha taa nakuta bomba limetoka kwenye kiungio na nguo zote ziko chini. Nilikasirika nikataka kulitupa nje usiku ule ule. Mume wangu akaniuliza swali moja tu, humo ndani kuna nguo ngapi? Sikuwa na jibu.

Jumamosi nikahesabu. Nilitoa zote nikatandaza kitandani, moja moja, na zangu peke yangu bila za mume wala mtoto zilikuwa 143. Mimi ni mtu wa mshahara wa kawaida, sijawahi kujiona nina nguo nyingi, kila siku nilikuwa nasema sina cha kuvaa na nilikuwa namaanisha. Mia moja arobaini na tatu! Zimetoka wapi? Nikaanza kuzitenga nikaona.

Sare. Wanawake wenzangu mnanielewa. Sare ya kitchen party ya dada wa kazini, sare ya send-off, sare ya harusi yenyewe, sare ya kikoba, sare ya kumtoa mtoto, doti za kanga za msibani, tisheti za kampeni za 2020, tisheti ya mbio za hisani. Gauni za sare peke yake zilikuwa 17 na katika hizo nilizorudia kuvaa hata mara moja ni mbili. Kila moja nililipia kitambaa na fundi, elfu 35, elfu 50, kuna moja ya lesi iligharimu elfu 90, ndo maana roho inakataa kuitoa, unaona unatupa hela. Lakini hela ilishaondoka siku ile ya sherehe, na sherehe tulifurahi, gauni limebaki linakula nafasi ya nguo unayoivaa kila wiki. Nilikaa kitandani na ile ya lesi mapajani nikaikumbuka ile siku vizuri, rafiki yangu alivyolia kwa furaha, kisha nikaiweka kwenye rundo la kutoka. Nilibaki na sare tatu.

Rundo la pili lilikuwa la nguo za "nikipungua". Jinzi nne za kabla sijajifungua. Mtoto ana miaka minne. Nilitoa tatu.

La tatu ni mitumba ya Karume niliyonunua kwa kuwa ni buku mbili. Hapa ndo nilijifunza kitu kikubwa, nguo ya buku mbili ni rahisi kuinunua ila kuihifadhi ni ghali sana, maana nafasi ndani ya chumba cha futi 11 kwa 12 ndo unayoilipia kodi kila mwezi.

Nikabaki na 61. Zilizotoka niligawa hivi: nzuri nilimpa binti wa jirani na ndugu zangu wa Muheza zilienda na basi, zilizochakaa nikakata matambara ya kudekia. Wale wanaopita mtaani wanabadilisha nguo kwa vyombo nao walipita, nikawapa kidogo wakanipa beseni mbili na hotpoti, kisha nikashangaa natafuta pa kuweka beseni. Kama lengo lako ni nafasi, wapite tu, au omba wakupe hela.

Baada ya hapo ndo kabati likaanza kufanya kazi yake. Bomba lililopinda nilimpelekea fundi wa mageti hapa mtaani, akalinyoosha akaingiza kipande cha nondo ya milimita 12 ndani yake urefu wote, akanitoza elfu nne. Tangu siku hiyo halijainama. Nina hanga 30 tu, sinunui nyingine, hanga zikijaa inamaanisha kuna nguo inatakiwa itoke ndo mpya iingie. Na kila baada ya miezi mitatu nazigeuza hanga zote zitazame upande mmoja wa nyuma, nguo nikiivaa nikiirudisha naiweka kawaida, miezi mitatu ikiisha zilizobaki zimegeuka ndo sijazigusa. Mara ya kwanza zilikuwa tisa. Mara ya mwisho zilikuwa mbili, moja ni ya Idi nimeiacha.

Kwenye shelfu tisheti na nguo za mtoto nazikunja ndogo nazisimamisha kama vitabu, sizilazi moja juu ya nyingine, ukivuta ya katikati za juu hazianguki. Shelfu ya chini kabisa ni ya mtoto mwenyewe, anafika, anachagua, na jioni anarudisha hata kama hajakunja vizuri. Tafadhali shelfu msiweke vitu vizito, chini yake hakuna ubao, ni kitambaa kimevutwa kati ya mabomba mawili, mi niliweka vitenge doti kumi na mbili pakalegea kama kitanda cha kamba. Vitenge na mashuka vilirudi kwenye sanduku chini ya kitanda.

Tuje kwenye unyevu, maana hili wauzaji hawaligusi kabisa na kwetu huku pwani ndo lenyewe. Masika ya kwanza nilifungua kabati baada ya siku nne za mvua nikakutana na harufu ya uvundo, mkanda wa ngozi wa mume wangu umeota koga nyeupe, na suruali nyeusi ina madoa. Nilidhani kabati linavuja. Kumbe sababu zilikuwa mbili. Moja, nilikuwa natundika nguo ambazo hazijakauka vizuri, jua hamna, kamba ya nje imejaa nguo za wapangaji wote, unaigusa unaona imekauka kumbe mshono wa kiuno bado una maji. Pili, nililibana kabati ukutani kabisa na ule ukuta ndo umepakana na bafu. Nililivuta mbele, saivi kati yake na ukuta mkono wangu unapita, nikainua miguu juu ya vipande vinne vya tofali, na kila jioni wakati wa mvua nafungua zipu zote mbili naelekezea feni nusu saa. Ndani nimeweka mkaa kwenye soksi kuukuu imefungwa fundo, nabadilisha kila mwezi. Masika ya mwaka huu koga haikurudi, harufu kidogo wiki moja tu.

Mama yangu ni mtu wa Tanga, alipokuja aliona kabati akataka kufukiza nguo udi kama anavyofanya na sanduku lake la kanga nyumbani. Nikamzuia kwa heshima zote, nikamwambia mama hiki kitambaa ni plastiki, kaa moja likiruka kabati linayeyuka lote na nguo zake. Akaelewa, akafukiza kanga zikiwa zimetandazwa kwenye tenga huko nje zikapoa ndo tukaziingiza, na akaniwekea asumini iliyokaushwa katikati ya nguo. Harufu yake ilidumu wiki kadhaa na kila nikivuta zipu nilikuwa namkumbuka. Kwahiyo chetezo kisikaribie kabisa, wala mshumaa umeme ukikatika, wala koili ya mbu.

Zipu ndo udhaifu mwingine. Mwezi wa saba moja iliachia meno. Zipu za haya makabati ni nyembamba na watu tunazivuta kwa mkono mmoja huku tumeshika mtoto, zinakwenda upande. Nilivua kitambaa chote nikampelekea fundi cherehani akaweka zipu nene ya begi zote mbili, elfu saba, na akaniimarishia zile pembe zilizoachia kwa viraka vya jinzi, zile zile jinzi nilizozitoa. Ukinunua, fanya hivi mapema kabla halijachanika.

Kiungio kilichopasuka mwezi wa kumi nilibadilisha na kile cha akiba. Sijui mtu asiye nacho anafanyaje, maduka hayauzi viungio peke yake, niliulizia matatu.

Nilinunua pia ile mifuko ya kunyonya hewa, mitatu kwa elfu 15, ya kuwekea mablanketi. Kwa kifupi mmoja unashika mpaka leo, miwili ilirudi kuvimba ndani ya wiki tatu kwa kuwa kidude cha hewa hakizibi. Kwa blanketi lililokauka kabisa inasaidia, kwa nguo za kuvaa hapana, zinatoka na mikunjo hata pasi inahangaika. Na maboksi ya karatasi ya simu, pasi, viatu, ambayo nilikuwa nayatunza juu ya sanduku miaka yote, niliyatoa yote, mende walikuwa wanazaliana humo, walipungua wazi wazi baada ya wiki mbili.

Kuhusu kukaa safi kila siku, sina mbinu kubwa. Kiti cha plastiki kimehamia sebuleni. Kamba ya manila nimeikata. Misumari nyuma ya mlango imebaki miwili, mmoja wa taulo na mmoja wa nguo ya kesho. Nguo iliyovaliwa mara moja ambayo si chafu ina hanga zake tatu mwisho kabisa upande wa kushoto, zikijaa kitu kinafuliwa. Kabla ya kulala dakika kumi sote watatu tunarudisha vitu, mtoto ndo anatukumbusha saivi. Asubuhi tunatoka bila kuzozana, na kwangu hiyo ndo faida kubwa kuliko muonekano.

Hesabu yangu ya kabati lenyewe, bila ile mifuko ya hewa: kabati 68,000, nondo 4,000, zipu na viraka 7,000, jumla 79,000. Kwa mpangaji wa chumba kimoja au viwili mwenye nguo za kutundika zisizozidi thelathini, nunueni, la bomba 19 au 25 na kitambaa kigumu. Kwa familia yenye watoto watatu halitoshi na msinunue mawili, jumlisheni muende Keko. Mwenye nyumba ya ukuta unaolia maji atibu ukuta kwanza. Mwenye suti na makoti mazito ya Arusha au Mbeya huko, bomba hili litakuinamia kama langu, weka nondo siku ya kwanza.

Na rangi chukueni ya giza, nilimuona jirani na la krimu, barabara yetu ni ya vumbi, ndani ya wiki mbili mabega yake yote yalikuwa ya kahawia na kulifua ni lazima ulivue lote.